Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Tukuyu

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu, wazee wetu mliotoka Kiwira na Busokelo, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, na tunakushukuru wewe, mheshimiwa, kwa kukubali mwaliko wetu pamoja na majukumu mazito uliyonayo. Ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Tumepewa dakika kumi, na mawingu ya Mlima Rungwe hayafuati ratiba ya mtu, kwa hiyo historia tutaipitia mbiombio.

Mheshimiwa, mji huu Wajerumani waliuita Neu-Langenburg, kwa kuwa Langenburg ya kwanza ilikuwa kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mei 1916 wakaingia askari wa Jenerali Northey wa Uingereza kutoka Nyasaland (Malawi ya leo) na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), na bendera ikabadilika. Mwaka 1926 Gavana Donald Cameron aliigawa Tanganyika katika majimbo 11, nasi tukawekwa Jimbo la Iringa. Mwaka 1932 majimbo yakapunguzwa yakabaki 8, letu likaitwa Nyanda za Juu Kusini. Makao makuu baadaye yakaenda Mbeya, mji ulioanza mwaka 1927 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa, wakati sisi boma letu lilikwishaota ukungu. Hilo hatukuja kulilalamikia leo. Baada ya Uhuru jimbo likavunjwa, ikawa Mkoa wa Iringa na Mkoa wa Mbeya. Njombe ikapata mkoa wake mwaka 2012, Songwe mwaka 2016.

Cameron alitaka kila kabila litawaliwe kupitia mkuu wake. Uhehe, kule Iringa, haikuwa taabu, ukoo wa Mkwawa ulikuwapo. Kwetu Wanyakyusa machifu walikuwa wengi, kila mmoja na watu wake, na hakuna aliyekuwa juu ya wote. Ikabidi serikali iwapange kwa kalamu. Nani aliwekwa juu ya nani ni jambo ambalo koo nyingine hazijalisahau hadi leo, na baadhi ya wahusika wamekaa mstari wa mbele hapa, kwa hiyo tunapita.

Jambo moja hatuwezi kulipita. Oktoba 1925, Lord Delamere, mlowezi mkubwa wa Kenya, aliwaita walowezi wenzake kutoka nchi jirani wakafanya mkutano hapa hapa Tukuyu. Walitaka nchi moja kubwa ya walowezi, kuanzia Kenya hadi Rhodesia. Wakazungumza, wakaahidiana, wakaondoka, na nchi hiyo haikuonekana. Tunashukuru kwamba haikuonekana. Tunataja tu, mheshimiwa, kwamba mji huu una uzoefu wa muda mrefu wa wageni wanaoahidi.

Kuhusu mafanikio, klabu ina wanachama hai 41. Katika mashindano ya maswali ya historia tulishika nafasi ya pili kitarafa, ingawa kutokana na mvua shule zilizofika zilikuwa tatu. Aidha, klabu imepanda hadi ngazi ya kimataifa baada ya kutembelewa na mwalimu mmoja kutoka Karonga, Malawi, aliyekuja mazishini akapitia kwetu.

Lakini fahari yetu ni chumba cha kumbukumbu. Nyaraka za serikali ya jimbo zina wenyewe, zinatunzwa kwenye kumbukumbu za taifa. Sisi tunatunza zile ambazo hazikuwahi kuingia ofisini: picha za baraza, barua za vijana waliokwenda kuchimba Lupa, na hasa stakabadhi za kodi. Kila mwaka Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, alitaka kodi ya nyumba au ya kichwa, na mwanaume asiye na stakabadhi aliweza kukamatwa njiani. Ndiyo maana wazee walizificha kwenye masanduku ya bati, chini ya nguo za harusi, na watoto wao wamezileta kwetu kwa mikono miwili. Ukizipanga, unaona jimbo lilivyoingia nyumba kwa nyumba, jambo ambalo kitabu cha darasani hakikuonyeshi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, chumba hicho kinavuja.

Tunajua neno hilo umelisikia katika risala nyingi, na huenda wenzetu wengine huvujiwa kwa adabu. Sisi tuko Tukuyu. Mwezi wa nne tunatega ndoo saba, na usiku mwanafunzi wa zamu huamka kuzimwaga. Kenchi mbili zimeoza. Turubai tulilofunika masanduku limekuwa kivuli cha panya. Masika yaliyopita mzee mmoja alimleta mjukuu wake amwonyeshe stakabadhi ya babu yake, ambayo mzee mwenyewe ndiye aliyetukabidhi. Tulifungua sanduku tukakuta bonge kama ugali uliolala. Mzee alilishika, akalirudisha, akauliza, "Sasa mtamwonyesha nini kwamba babu alilipa?" Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatujamwona tena. Tungefurahi angekuwapo leo, lakini tulipomwalika alisema atakuja paa likishaezekwa.

Hatukukaa kimya. Miaka mitatu iliyopita mgeni rasmi wetu aliahidi bati 60 kabla ya masika. Hakusema masika ya mwaka gani, na kosa ni letu kwa kutouliza. Mwaka uliofuata mgeni mwingine alisema, "Hili nimelichukua." Kweli alilichukua, maana hatujaliona tena. Mwaka jana tuliletewa fundi wa kupima. Alipima siku mbili kwa futi yetu, akala, akaondoka na mchoro. Kwa hiyo vipimo vipo, mheshimiwa, mahali fulani. Wote watatu tuliwasindikiza kwa mkungu wa ndizi na jogoo, na wa kwako umekwishafungwa, uko pale nyuma ya jukwaa.

Wazazi wamechanga mbao, zimekauka na zipo stoo. Fundi wa kijijini amekubali kuezeka kwa chakula tu. Tunachopungukiwa ni bati 64 za geji 28, kofia zake, na misumari ya bati kilo 12. Hatuombi jengo jipya, wala kompyuta, wala safari ya mafunzo, ingawa wanafunzi walitaka tuiongeze na kamati ikaikata.

Ombi la mwisho ni dogo. Sisi ni wajukuu wa watu waliofundishwa kwa lazima kwamba bila stakabadhi hujalipa. Kwa heshima zote, tumenunua kitabu cha stakabadhi chenye nakala mbili. Ukitamka chochote leo, Katibu atakiandika pamoja na tarehe, utatia sahihi, nakala moja utaondoka nayo na ya pili tutaitunza chumbani, ndani ya mfuko wa nailoni, mpaka bati zifike.

Kitabu kiko mezani mbele yako, na kalamu tumeijaribu inaandika.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.