Kwa vijana wanane mnaotaka kushuka Rufiji peke yenu

Wanangu, salaam.

Mpwa wangu amenieleza mpango wenu: watu wanane, mitumbwi minane, kila mmoja ashuke mto Rufiji kwa wiki yake, kutoka Mloka hadi Nyamisati karibu na bahari, bila kufuatana na mwenzake. Amesema mmemtuma aniulize kafi lichongwe kwa mti gani na mtumbwi uwe na urefu gani. Hayo mwulizeni fundi, atawajibu vizuri kuliko mimi. Nawaandikia lile ambalo hamkuniuliza, na naliandika hadharani kwa sababu najua hamko wanane tu mnaolitamani jambo hili.

Nilikuwa mwalimu. Kwa miaka ishirini na mitatu, shule zikifungwa katikati ya mwaka, nilisukuma mtumbwi wangu wa mwembe majini pale Utete na kushuka peke yangu mpaka kwenye mikoko, kisha nikaurudisha kwa lori. Sikuwa mvuvi wala sikubeba shehena. Nilikifuata kile kimya cha alfajiri, ukungu bado umelalia maji, husikii ila matone yanayodondoka kutoka kwenye kafi lako. Nakipenda mpaka leo, na magoti yangekubali ningekuwa huko. Kwa hiyo msinisome kama mzee aliyekuja kuwazuia.

Mwaka mmoja nilimwahidi shemeji yangu wa Nyamisati kwamba nitafika Jumatano. Jumatano ikanikuta ndani ya hori moja, mkono mwembamba wa maji, samaki tele, hali ya hewa safi, moyo umetulia. Nikasema, kesho. Kesho ikazaa kesho kutwa. Nilikuwa mzima kabisa, nimeshiba, sikupatwa na lolote. Nilipofika Jumamosi mchana nilikuta wanaume saba wameacha nyavu zao na kuupanda mto kunitafuta. Mtumbwi mmoja uligongwa na kiboko Ijumaa jioni ukapasuka. Waliokuwemo walikuwa wawili. Wote walitoka, lakini mmoja alivunjika mguu. Nilipokwenda kumwona alijiinua kitandani, akanishika mkono, akaniambia, “Pole na safari, mwalimu.” Mimi ndiye niliyepewa pole. Msimu ule hakulima. Shamba lake nililima mimi, ila mguu haukurudi kama ulivyokuwa.

Tangu siku ile sikuondoka tena bila kuacha kauli kwa watu wawili, mmoja nilikotoka na mmoja ninakokwenda. Kauli yenyewe ina siku mbili ndani yake: siku ya kufika, na siku ambayo nisipoonekana ndipo watu waanze kutafuta. Naitaja pia njia, mkono gani wa mto nitaufuata. Nikishaiacha hiyo kauli siibadilishi nikiwa njiani, hata nikikutana na uzuri wa namna gani. Msitegemee simu: kwenye mikoko mtandao hupotea ukiuhitaji. Na mkumbuke delta hiyo, pale mto unapogawanyika mikono mingi kabla ya kuingia baharini, ni ya ukubwa gani. Manowari ya Kijerumani, Königsberg, yenye urefu wa mita 115, ilijificha humo kuanzia 1914, na Waingereza waliokuwa wakiiwinda hawakuimaliza mpaka Julai 1915. Mtumbwi wa mtu mmoja chini ya matawi ya mikoko utaonwa na nani?

Jambo la pili linafanana na hilo. Ukiwa peke yako hakuna wa kukuambia “basi, tupumzike.” Kwa hiyo amua ukiwa nchi kavu, tumbo limeshiba na kichwa kimetulia, kisha majini utii tu. Mimi niliamua kwamba ikifika saa tisa alasiri natafuta pa kulala, hata kama mwili una nguvu na mkondo unanibeba. Mara mbili nilijivunjia amri hiyo, na mara zote mbili giza lilinikuta natafuta fungu la mchanga kwa kupapasa. Fungu la mchanga lenyewe litazameni vizuri kabla ya kutandika. Mkiona mahali ukingo umekatika na njia pana imepanda kwenye nyasi, hiyo ni njia ya kiboko, na usiku atapita hapo hapo akaenda kula. Vuteni mtumbwi juu kabisa, mfunge kamba kwenye mti, maana mto hupanda usiku mtu amelala.

Mchana, mkiwaona viboko, wapisheni njia ya kwenda kwenye kina. Kiboko akishtuka hukimbilia maji marefu, na akikukuta umemkatia njia atakupitia juu. Shikeni upande wa maji mafupi, mgonge ubavu wa mtumbwi kwa kafi, polepole, wainue vichwa mjue waliko. Msiyaamini maji matulivu, anaweza kukaa chini dakika tano. Na maji ya kunywa yachoteni kwa kopo lenye kamba, kila mara mahali pengine. Mamba hujifunza mazoea ya mtu upesi sana.

Mkishaanza kuona mikoko, mto si mto tena. Hapo bahari ndiyo inayoamuru, na hapa naomba msome taratibu, kwa sababu wengi wanaoujua mto hushindwa na delta. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika hamsini. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kuliko siku nyingine: pwani hii maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukauka karibu saa nne, lakini ndani ya vihori huchelewa zaidi. Niliwahi kuingia kihori kimoja maji yakiwa tele, nikafunga mtumbwi kwenye mchu, mmoja wa miti ya mikoko, nikasinzia. Nilipoamka nilikuwa nimekaa juu ya tope, na ukingo wa maji ulikuwa mbali. Usijaribu kushuka na kuuburuta mtumbwi. Tope lile humeza mtu mpaka kiunoni. Nilikaa humo kwa muda wa saa saba na mbu, bila maji ya kutosha, kwa sababu nilisahau kwamba huku chini ya mto maji yamekuzunguka na huwezi kuyanywa. Bebeni dumu lililojaa kutoka juu. Na dumu jingine tupu, lililofungwa vizuri, lifungeni kwenye mtumbwi: mkipinduka litawasaidia kuelea. Jaketi la kujiokolea livaliwe, lisikaliwe.

Kuna la mwisho, nalo hunisumbua. Mto nilioujua mimi haupo. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na Aprili 2024 mafuriko yaliyafunika mashamba na nyumba za watu kule chini. Mafungu ya mchanga yamehama, mikono mingine imeziba. Zamani niliangalia mawingu na kukumbuka mvua za Nyanda za Juu Kusini. Siku hizi maji yanategemea pia milango ya bwawa. Kwa hiyo ramani yangu mliyoiomba siwapi, si kwa choyo. Badala yake, kila kijiji mtakachopita teremkeni, salimieni, ulizeni. Mama anayelinda mpunga juu ya dungu lake anaijua hali ya mto ya asubuhi hii. Akisema msipite mkono wa kulia, msipite, hata kama yeye hajawahi kusafiri na nyinyi mna kifaa cha setilaiti.

Mkiogopa usiku, na mtaogopa, kaeni na hofu hiyo bila kuitukana. Chemsheni chai. Mimi nilikuwa nasema kwa sauti majina ya wanafunzi wangu, darasa kwa darasa, mpaka usingizi unichukue.

Wa kwanza wenu anapanga kuondoka Juni. Kabla hajashuka aje nyumbani aniandikie zile siku mbili kwenye daftari, na jina la atakayempokea. Akifika Nyamisati anipigie simu kwanza, kabla hajanawa mikono. Nitakuwa nimekaa nayo.