Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: sahani ya mgonjwa isomwe kabla haijaondolewa

Mheshimiwa Waziri,

Mwaka jana nilimuuguza mama wodini kwa siku 19. Siku ya sita nilichelewa kufika saa za mlo. Nilikuta trei imewekwa kwenye meza ya miguuni, kifuniko hakijafunuliwa. Mama alikuwa na dripu mkono wa kulia na hawezi kujiinua. Kabla sijavua hata mkoba, mhudumu akaibeba trei akaenda zake. Jioni nikaona kwenye faili: "Amekula."

Simlaumu muuguzi. Wagonjwa walikuwa wengi, na alipokaa kuandika, sahani zilikwisha rudi jikoni. Anayeona kilichobaki haandiki, anayeandika hajaona.

Tangu 2006, hospitali za nchi nyingi hushiriki zoezi la siku moja liitwalo nutritionDay. Mgonjwa huulizwa: umekula chote, nusu, robo, au hukugusa? Matokeo ya Ulaya yaliyochapishwa 2009 yalionyesha kuwa waliokula robo tu walikabiliwa na hatari ya kufa ndani ya siku 30 takriban mara mbili ya waliomaliza. Walioruhusiwa kula wasiguse kitu, mara tatu.

Najua, ugonjwa mkali wenyewe hukata hamu ya kula. Lakini utafiti wa Uswisi wa 2019, wenye wagonjwa zaidi ya 2,000 waliokuwa hatarini kupata utapiamlo, ulionyesha kuwa waliopangiwa lishe yao mmoja mmoja walikufa wachache: takriban 7 kwa kila 100, badala ya 10. Kwa hiyo chakula nacho ni tiba, na dozi yake haipimwi.

Ninachoomba ni waraka mmoja. Trei isiondoke kitandani kabla ya aliyeichukua kutia alama: yote, robo tatu, nusu, robo, hakuna. Kupima mabaki kwa mizani tuwaachie watafiti. Kwa kazi ya wodini jicho lililofundishwa linatosha. Pembeni iandikwe sababu, maana kichefuchefu, meno bandia yaliyosahaulika na trei isiyofikika havina dawa moja. Iulizwe pia ni nani aliyekula, kwani mara nyingine sahani tupu imemalizwa na mgeni. Milo miwili mfululizo ikiwa chini ya nusu, mtaalamu wa lishe aitwe siku hiyohiyo.

Kuanzia siku ya saba niliandika mwenyewe kwenye daftari: robo, robo, hakugusa, nusu, robo. Siku ya tisa nikamwonyesha daktari. Alilisoma akiwa amesimama, akaagiza mtaalamu wa lishe aje mchana uleule.

Kitanda cha jirani alilala bibi mmoja asiyekuwa na mtu wa kumuuguza. Trei yake haikuandikwa na yeyote, hata mimi.

Wako mtiifu,
Binti wa mgonjwa