Wametubadilishia sanduku la barua bila kutuuliza

Mhariri,

Nina duka la kompyuta hapa Mwembe Tayari tangu 2006, na mwezi huu swali ninaloulizwa kutwa ni moja: "Barua zangu zimekwenda wapi?" Kampuni moja kubwa ya barua pepe imegeuza ukurasa wake. Watu walilala na ukurasa wanaoujua, wakaamkia mwingine.

Mteja wangu mmoja, mzee aliyestaafu bandarini, huja kila Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri kusoma barua za bintiye aliye Muscat. Maneno ya ukurasa wa zamani alikuwa ameyazoea: Soma, Jibu, Futa, Tuma. Sasa maneno yameondolewa, vimebaki vipicha. Kimoja ni kisanduku chenye mshale unaoelekea chini. Mzee akafahamu kwamba hapo ndipo pa kuihifadhi barua isipotee, basi kila akimaliza kusoma anakibonyeza. Jumamosi iliyopita akafungua, barua za binti hakuna hata moja. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nimezifuta mimi?" Kumbe kisanduku kile huiondoa barua kwenye orodha na kuipeleka mahali pengine, palipofichwa chini ya neno "Zaidi". Hata mimi, kazi yangu hii, nilipatafuta. Tulizipata zote 31, lakini mzee wa watu alikuwa ameshalowa jasho.

Halafu ukurasa wenyewe ni mzito. Mashine zangu ni za zamani, na lile toleo jepesi lililokuwa likitufaa nalo limeondolewa. Nakumbuka enzi za intaneti ya setilaiti, kabla nyaya za baharini hazijafika Mombasa 2009. Tulingoja, ila tulijua tunaungoja mtandao. Leo mtandao ni wa kasi, kinachotuchelewesha ni ukurasa. Natoza shilingi 1 kwa dakika. Mteja akikaa dakika tano anaangalia duara likizunguka, naona haya kumtoza, hasara inakuwa yangu.

Wako watakaosema huduma ni ya bure, asiyeitaka ahame. Ahamie wapi? Anwani hiyo ndiyo aliyojisajili nayo eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na KRA, mamlaka ya ushuru, ndiyo waliyo nayo jamaa zake walio ng'ambo. Na bure gani hiyo, ikiwa matangazo yanapachikwa katikati ya barua zetu, kwa herufi zile zile, hata mtu anayafungua akidhani ameandikiwa? Hayo ndiyo malipo yetu.

Katiba ya Kenya, ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya kupata maelezo ya kumwezesha kunufaika kikamilifu na huduma. Sisi tulichopata ni kidirisha kilichotukaribisha kwenye sura mpya, chenye kitufe kimoja tu: Sawa. Cha kukataa hakikuwepo.

Naiomba kampuni irudishe maneno kando ya vipicha, na ukurasa wa zamani, pamoja na lile toleo jepesi, uachwe kwa anayeutaka, angalau mwaka mmoja, watu wajifunze taratibu.

Kwa sasa nimevichora vile vipicha kwenye karatasi, nikaandika maana ya kila kimoja kwa Kiswahili, nikabandika karatasi kando ya kila kompyuta. Juzi wameongeza kipicha kingine. Nimekichora nacho.

Mwenye duka la kompyuta,
Mwembe Tayari, Mombasa