Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Zanzibar: wenye PCOS tuulizwe kwanza tunahitaji nini

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nakuandikia kutoka Wete. Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari, ni mke wa mtu, na nimeishi na PCOS, maradhi ya homoni yanayovuruga hedhi na kupevuka kwa mayai ya uzazi, tangu usichanani, ingawa jina la maradhi haya nilikuja kulijua ukubwani. Naandika hadharani kwa kuwa jambo hili tumelinong'ona vya kutosha, ukumbini, shughulini, kwenye mabenchi ya kliniki, na minong'ono yetu haifiki ofisini kwako.

Ombi langu nalisema mapema. Mwanamke mwenye PCOS akifika kituo cha afya, Unguja au Pemba, aulizwe kwanza yeye anahitaji nini, aelezwe njia zote zilizopo na kheri na shari ya kila moja, kisha asaidiwe kwa ile aliyoichagua. Wengi wetu tulichopewa ni jawabu moja tu. Asiyeolewa huambiwa aolewe azae, litakwisha. Aliyeolewa huambiwa apunguze mwili, arudi baadaye.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika kila wanawake 100 wenye umri wa kuzaa, 10 hadi 13 wana PCOS, na kwamba hadi asilimia 70 ya walionayo hawajijui. Sensa ya 2022 ilituhesabu Wazanzibari 1,889,773. Ikiwa sisi ni kama walimwengu wengine, basi hapa visiwani tuko maelfu kwa maelfu, na walio wengi bado wanadhani wamerogwa, au ndivyo walivyoumbwa.

Wewe una wataalamu wako, lakini barua hii itasomwa pia na mama zetu, kwa hivyo nitaeleza kidogo. Miili ya wengi wetu haiitikii sawasawa insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, na kongosho hulazimika kuitoa kwa wingi zaidi. Insulini ikizidi huzisukuma ovari, viungo vinavyotunza mayai ya uzazi, zitoe androjeni, homoni ambazo kila mwanamke anazo kwa uchache na mwanamme anazo kwa wingi. Hapo mayai hayapevuki kwa wakati. Hedhi hupotea kwa miezi au hujia ovyo, ndevu huota kidevuni, chunusi hazikomi, nywele za utosini hupukutika. Vile viduara vinavyoonekana kwenye picha ya altrasaundi, ambavyo wagonjwa huambiwa ni uvimbe, ni vijifuko vya mayai yasiyofika kupevuka, na havihitaji kukatwa. Namjua mwanamke aliyeuza bangili zake za harusini apate nauli na gharama za operesheni ya "uvimbe" huo huko Bara. Angeelezwa kwa dakika tano tu, bangili zingebaki mikononi mwake.

Kuyatambua maradhi haya si lazima pawe na mashine kubwa. Tangu mwaka 2003 madaktari wa ulimwengu walikubaliana mjini Rotterdam kuwa mtu akiwa na mambo mawili kati ya matatu, ana PCOS: hedhi isiyo na mpango, dalili za androjeni mwilini au kwenye damu, na ovari zenye vijifuko vingi, baada ya kuhakikisha kuwa hana matatizo mengine kama ya tezi ya shingo. Mwongozo wa kimataifa wa 2023, uliosimamiwa na Chuo Kikuu cha Monash cha Australia, unakwenda mbali zaidi: kwa wasichana wadogo picha ya ovari haifai kutumika kabisa, kwa sababu ovari za umri ule huwa na vijifuko vingi kwa kawaida yake. Muuguzi anayejua kuuliza tarehe na kuitazama ngozi anaweza kumshuku mgonjwa akiwa pale pale kijijini, akampeleka panapostahiki. Basi isiwe tena kwamba mtu anarudishwa nyumbani kwa kuwa mashine mbovu.

Darasani mwangu huwaona wasichana wenye shingo nyeusi, ngozi imekuwa nene kwenye mikunjo. Mama zao huwasugua kwa dodoki mpaka wachubuke, wakidhani ni taka. Ule weusi mara nyingi ni alama ya mwili unaohangaika na insulini. Hakuna aliyewaambia. Wanaitwa wachafu na wenzao, nao wanajifunika shingo hata kwenye joto la Februari. Afya ya skuli ingeweza kulimaliza hili kwa mazungumzo ya saa moja na wazazi.

Mmoja wa wanafunzi hao, ambaye sitamtaja hata skuli yake ya zamani, alikaa miezi bila ya kuingia mwezini, kisha akatoka damu wiki baada ya wiki. Hakujua asali au asisali, afunge au ale. Ustadhati wake alimsaidia kwa upande wa dini: kwa madhehebu yetu ya Shafi hedhi haivuki siku 15, na inayozidi hapo ni istihadha, atajisafisha, atatawadha kwa kila sala, atasali. Kwa hilo moyo wake ukatulia. Hospitali alipewa vidonge vya majira, akaambiwa ameze, basi. Mama yake alipovikuta mkobani nyumba ikawaka moto. Vidonge vya kupanga uzazi kwa mwari wa miaka 16! Vikatupwa chooni, na mtoto akawekwa ndani kama mtuhumiwa.

Mimi simlaumu mama yule. Vidonge vile ni dawa nzuri: vinapunguza androjeni, vinapanga hedhi, vinapunguza chunusi na ndevu, na kwa wengi ndiyo tiba ya kwanza ya mambo hayo. Lakini hakuna aliyemwita mzazi akamweleza. Zaidi ya hayo, hakuna aliyesema kuwa ipo njia nyengine. Msichana ambaye yeye au watu wake hawaviridhii vidonge vya majira anaweza kupewa homoni ya projestini peke yake, kwa siku kadhaa kila baada ya muda, ili damu ishuke. Hilo si suala la kuona siku tu. Hedhi ikikaa zaidi ya miezi mitatu bila ya kuja, ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi hunenepa, na ukiachwa hivyo miaka na miaka hatari ya saratani ya hapo huongezeka. Binti yule aliachwa bila ya dawa yoyote, kwa sababu aliwekewa njia moja mbele yake na njia hiyo ikakataliwa.

Mwanamke anayetafuta mtoto haja yake ni nyengine kabisa. Kwa yeye dawa ya mwanzo ya kupevusha mayai siku hizi ni letrozoli. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014, uliowafuata wanawake 750 wenye PCOS, ulionesha kuwa waliotumia letrozoli asilimia 27.5 walizaa, na waliotumia klomifeni, dawa tuliyoizoea, asilimia 19.1. Tatizo ni kuwa letrozoli ilianza kama dawa ya saratani ya matiti, na ndivyo karatasi yake ya ndani inavyosema. Anayeisoma peke yake usiku atadhani daktari amemficha maradhi. Aelezwe kabla hajakabidhiwa.

Na mume apimwe. Nalisema hili kwa nguvu zangu zote. Wake wanamezeshwa dawa miaka, wanafukizwa, wanakandwa matumbo, na mbegu za mume hazijatazamwa hata mara moja. Mama mkwe ameshatafuta mke wa pili ilhali kipimo cha bei ndogo hakijafanywa. Daktari ndiye mtu pekee ambaye akisema "nataka kuwaona wawili" atasikilizwa ndani ya nyumba zetu. Wapeni agizo hilo madaktari wenu.

Wapo pia wasiotaka mtoto sasa, na wapo waliokwisha kuacha kutafuta. Shoga yangu ni mmoja wao. Anamlea mtoto wa dada yake, ameridhika, hataki sindano wala safari. Uamuzi ni wake na ni uamuzi wa mtu mzima. Lakini tangu aseme hivyo, kliniki hawana tena la kumfanyia, na hapo ndipo tunapokosea, kwa sababu sukari na presha haziulizi kama mtu anataka kuzaa. Mwenye PCOS ana hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari, na akishika mimba ana hatari kubwa zaidi ya sukari ya ujauzito na presha ya mimba. Apimwe sukari na presha kwa mpango, azae asizae.

Nije kwenye kupunguza mwili. Kweli, kwa mnene kupungua hata asilimia 5 ya uzito kunaweza kumsaidia, na kula vizuri na kutembea kunamfaa kila mtu. Ila wapo wembamba wenye PCOS, nao huambiwa hawana kitu. Na anayeambiwa apungue aelekezwe kwa chakula chake: muhogo kiasi gani, wali wa nazi kiasi gani, boflo la asubuhi na chai ya sukari vijiko vingapi, samaki na mchicha aongeze vipi. Nimeshapewa karatasi ya vyakula ambavyo Wete havijawahi kufika.

Metfomini ni dawa ya bei nafuu na wengi inatufaa, hasa kwa sukari. Mwanzoni huvuruga tumbo, kwa hivyo huanzwa kidogo kidogo na huliwa pamoja na chakula. Ramadhani inapoingia wenzangu wengi huiacha mwezi mzima kwa kudhani haiwezekani. Kwa kawaida dozi hupangwa upya, futari na daku, kwa ushauri wa daktari. Tangazo moja la redio wiki ya mwisho ya Shaabani lingewafikia wote.

Wanaochukia ndevu wana dawa inayoitwa spironolaktoni, ila ni lazima waambiwe wazi kuwa wasishike mimba wakiwa wanaitumia, kwani inaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Wengine hawataki dawa, wanataka kutoa nywele kwa uzi tu waishi. Sawa.

Halafu kuna dawa za asili, na hapa naomba watumishi wako wabadilike. Tunatumia uwatu, mdalasini na habasoda, tunanunua Darajani, tunatumiwa na jamaa Omani. Tunasomewa na tunakunywa kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya aya za Qur'ani. Mwanamke akigombezwa kwa hayo, safari ya pili hatasema, naye daktari hatajua kuwa mgonjwa wake anakunywa uwatu na metfomini, vyote viwili vyenye kushusha sukari. Aulizwe kwa upole, aambiwe linalojulikana. Hata mwongozo wa 2023 haukuwafukuza wenye kutaka inositoli, virutubisho vinavyouzwa ghali mitandaoni. Umesema mgonjwa anaweza kuitumia kwa hiari yake, madhara yake ni machache, ila faida yake kwenye kupevusha mayai, ndevu na uzito ni ndogo. Hivyo ndivyo mtu mzima anavyozungumzwa naye. Wanaouza chupa za "kuyeyusha uvimbe" na kuahidi kuwa PCOS itaondoka moja kwa moja ni jambo jengine. PCOS hudhibitiwa, haina dawa ya kuimaliza, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linapaswa kuwafuata watu hao.

Mheshimiwa, ninachokiomba hakihitaji jengo jipya. Itengwe siku moja katika wiki ya kliniki ya PCOS hospitali ya Mnazi Mmoja, na siku nyengine Pemba, hospitali ya Abdulla Mzee au ya Chake Chake, ili mwanamke wa Micheweni asilazimike kuvuka bahari kwa ajili ya maswali ya nusu saa. Wizara itoe mwongozo mfupi wa Kiswahili, ule ule kwa kila kituo. Metfomini, projestini na letrozoli zisikosekane kwenye bohari. Na kwa kuwa sisi watumishi wa umma tunachangia Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, tuandikiwe wazi ni vipimo na dawa zipi za PCOS ambazo Mfuko huo unazilipia, maana asiyejua haki yake hawezi kuidai.

Kwenye kliniki hiyo awepo mtu wa kuzungumza nasi juu ya huzuni. Sonona na wasiwasi vinatupata sana wenye maradhi haya, na anayeulizwa kila harusini "bado tu?" hahitaji kufafanuliwa sababu.

Mkianza kuuandika mwongozo, tuiteni. Wapo wanawake wa Wete na Mkoani, nawajua na wapo tayari, walioolewa na wasioolewa, wenye watoto na wasiokuwa nao. Watakuja na vyeti vyao na watasema waliyoyachagua na kwa nini. Siku za skuli mimi hutoka saa nane mchana. Siku nyengine yoyote nipo.

Nasubiri jawabu yako.

Wassalaam,
Mwalimu, Wete, Pemba