Mheshimiwa Waziri wa Afya, watoto wanene wapimwe kwanza

Mh. Waziri wa Afya, shikamoo. Nakuandikia kutoka Mbagala hapa Dar. Kila unene ukiongelewa huku kwetu, iwe redioni iwe kliniki, jibu ni ulafi na uvivu, basi. Binti wa dada yangu kanenepa toka anatambaa, akishakula tu analia njaa tena, na kuna kliniki dada aliambiwa mbele za watu aache kumshindilia mtoto chakula. Hajarudi pale mpaka leo.

Mheshimiwa, hili jambo lilishachimbwa sana kwa panya wa maabara. Mwaka 1949 kwenye maabara ya Jackson kule Bar Harbor, Marekani, walikuta panya wanaonenepa mpaka uzito wa mara 3 ya wenzao, wanakula na hawashibi. Baadaye mtafiti wa hapo hapo, Douglas Coleman, akawa anaunganisha panya wawili wawili ili damu zichanganyike, na yule mnene akiunganishwa na wa kawaida anapunguza kula, yaani kwenye damu ya mwenzie kuna kitu yeye hana. Hapo ndo naomba utulie kidogo, maana yule panya hakulelewa vibaya na mtu, kapungukiwa kitu mwilini tu.

1994 mtafiti Jeffrey Friedman na wenzake New York wakaipata jeni yenyewe (agizo la kurithi mwilini) iliyoharibika kwa panya wale, inatengeneza homoni ya leptini, inatoka kwenye mafuta ya mwili na kuuambia ubongo akiba ipo, punguza njaa. 1997 watafiti wa Cambridge, Uingereza, wakaonyesha hata binadamu wapo wanaozaliwa bila hiyo leptini, na mtoto mmoja wa miaka 9 aliyekuwa na kilo zaidi ya 90 alichomwa sindano za leptini mwaka mmoja akapungua kilo 16 hivi. Mtoto yule yule aliyekuwa anaonekana mlafi!

Sisemi kila mnene ana tatizo hili, ni nadra sana, wanene wengi leptini wanayo tele ila ubongo hauisikii vizuri, na chipsi na soda zetu zina mchango wake, sikatai. Ila huyo mmoja mwenye tatizo atajulikanaje kama hapimwi?

Kwa hiyo naomba watoto walionenepa sana kabla ya miaka 5 wawe na njia ya kupimwa homoni na jeni Muhimbili, bima igharamie, maana mzazi wa Mbagala hawezi kulipa vipimo vya kupeleka nje. Pili, tafiti nyingi za jeni za unene zimefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya, wapeni hela watafiti wetu wa chuo cha afya cha MUHAS na taasisi ya utafiti wa magonjwa ya NIMR waangalie na sisi. Na manesi waandikiwe waraka, mzazi akija na mtoto mnene aulizwe alianza kunenepa lini na kwenye ukoo kuna nani mwingine, kabla hajaambiwa neno lolote la chakula.