Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: waruhusuni mafundi wa ngoma wafundishe chuo kikuu

Mheshimiwa Waziri, salaam, na pole na majukumu.

Najua mezani kwako kuna mikopo ya wanafunzi, kuna uhaba wa madarasa, na hili langu ukilisikia harakaharaka utaliona dogo, ila naomba unisomee mpaka mwisho. Nataka vyuo vikuu vyetu viwe na idara za ngoma zinazosimama zenyewe, siyo kozi mbili tatu zilizobanwa ndani ya idara nyingine, na humo ndani mafundi wa ngoma, wale wazee na mama zetu wa vijijini wasio na cheti hata cha darasa la saba, waajiriwe. Siyo waalikwe siku ya mgeni rasmi wakapewa soda, hapana, waajiriwe kama walimu.

Mimi nimesoma sanaa chuoni, chuo sikitaji. Mwaka wa pili tuliletewa mama mmoja wa Kigogo kutoka Dodoma atufundishe muheme wiki mbili. Kafika na ngoma zake, na hewa ya pwani unaijua ilivyo na unyevu, ngozi zikalegea, ukipiga unasikia pwa, kama umepiga godoro. Mama hakusema kitu. Akaokota nyasi kavu nyuma ya darasa, akawasha moto, akashika ngoma moja akawa anaizungushazungusha pale karibu na moto, anagonga na kidole, anatega sikio, anairudisha tena, mpaka ikaanza kulia. Mara askari wa chuo huyo, zimeni moto, hairuhusiwi hapa. Tukazima. Na kiukweli lile ndo lilikuwa somo lenyewe, maana kwenye notsi zetu zote hakukuwa na mstari hata mmoja unaosema ngoma inafanywaje mpaka ilie.

Kwa Wagogo muheme wapigaji ni wanawake, ngoma unaibana katikati ya mapaja huku umesimama na mwili unacheza hukohuko. Siku ya tatu mapaja yangu yalikuwa yamevilia damu. Mama akaja akanisogeza mguu mmoja nyuma kidogo, kidogo tu, ngoma ikakaa. Maneno hakutumia. Zilipoisha wiki mbili wakamdai cheti cha taaluma ndo wamlipe, hana, basi akaandikwa kwenye vocha ya vibarua pamoja na waliofyeka nyasi. Sisi kwenye mtihani tukaulizwa tueleze umuhimu wa ngoma za asili katika jamii, hoja sita. Nilipata A, na kucheza sikuambiwa nicheze.

Sasa Mheshimiwa, najua utaambiwa kanuni haziruhusu, mwalimu wa chuo kikuu lazima awe na digrii na GPA kubwa. Lakini hizi idara za ngoma huko zilikoanzia zilianza na watu wenye digrii za ngoma? Zingeanzaje na digrii zenyewe hazikuwepo! Kule Marekani, Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliyeanzisha ni Margaret H'Doubler, mama aliyesomea baiolojia na alikuwa anafundisha wasichana mpira wa kikapu, wakamtuma New York mwaka 1916 akaangalie namna ya kufundisha dansi. Aliporudi akawalaza wanafunzi chini sakafuni wajue kwanza viungo vyao vinajongeaje kabla ya kuiga staili ya mtu yeyote. Mwaka 1926 chuo kikaanza kutoa digrii ya dansi, ya kwanza Marekani.

Ghana hawakuanzia kwenye baiolojia, walianzia kwa wenye ngoma. Mwaka 1962 pale Legon, Chuo Kikuu cha Ghana, ilianzishwa shule ya muziki na maigizo pamoja na kundi la ngoma la taifa, chini ya mtaalamu wa muziki Kwabena Nketia na mwalimu wa ngoma Mawere Opoku, na wapigaji mahiri wakaletwa chuoni kufundisha ngoma za kwao, hivyo Mwashanti akajifunza ya Waewe, kabila jingine la hukohuko. Makerere nao wakaanzisha idara ya muziki, ngoma na maigizo mwaka 1971.

Na sisi hatukuwa nyuma. Desemba 10, 1962 Mwalimu Nyerere kwenye hotuba yake ya urais aliuliza wangapi kati yetu wanajua kucheza gombe sugu, kiduo au lelemama, wakati twist na rumba tunazijua. Siku hiyohiyo akatangaza wizara ya utamaduni. Kikaja kikundi cha ngoma cha taifa, halafu mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ndo TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Hukwe Zawose, Mgogo mpigaji wa zeze la nyuzi na ilimba ya kupigwa kwa vidole gumba, alifundisha hapo Bagamoyo na dunia nzima ikamjua, na digrii hakuwa nayo. Kwaiyo jambo hili limeshafanyika kwetu. Ila Bagamoyo wanaishia stashahada, na ukipanda juu ya hapo fundi anabaki getini.

Mtasema ubora utashuka. Mimi naona mpangilio upo, fundi afundishe na mwenye digrii awe naye darasani, huyu anacheza, yule anaandika na kurekodi video, na maksi wasaini wote wawili. Baada ya miaka kadhaa tutakuwa na maktaba ya ngoma zetu zilizoelezwa na wenyewe, na walimu wa sekondari wanaoweza kumsimamisha mtoto akacheza bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, akajua na kwa nini jembe linarushwa vile. Hilo ndo lengo la idara, burudani ya kupokea wageni ije baadaye.

Ninachoomba ni Wizara na Tume ya Vyuo Vikuu mkae muweke kada ya fundi kwenye kanuni za ajira, na mshahara wake ujulikane. Na ruhusa ya kuwasha moto uwanjani.

Yule mama yupo. Nilimpigia mwezi uliopita, sauti ni ileile ila anasema magoti hayampi tena kusimama na ngoma muda mrefu, siku hizi anayepiga ni binti yake, yeye anakaa pembeni anasahihisha. Mkianza mwaka huu, anawahi.