Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Matembezi Yetu Karura

Ndugu wanachama,

Mwaka huu tumetembea msitu wa Karura kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, isipokuwa Aprili, mvua ilipogeuza njia za bondeni kuwa matope na kamati ikaona si busara kuteremka mtoni. Hesabu za fedha atawasomea mweka hazina. Mimi nitazungumzia Mto Karura, unaopita msituni humo.

Tunauonea fahari msitu huu wa hekta zipatazo 1,000 ndani ya Nairobi, na tuna haki. Ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932. Miaka ya 1990 ukaanza kumegwa na wajenzi, na Januari 1999 mtetezi wa mazingira Wangari Maathai alipigwa na kuumizwa kichwani alipokwenda kupanda miti pamoja na wenzake. Wazee wetu humu wanakumbuka wakati ambapo kuingia Karura peke yako kulikuwa kujitafutia balaa. Leo watoto wanaendesha baiskeli humo, na mbega walioletwa kutoka Kipipiri wanaruka juu ya vichwa vyetu. Nawashukuru walinzi wa msitu na majirani waliojitolea miaka yote hiyo.

Matembezi ya Julai ndiyo yaliyonigusa zaidi. Tuliteremka hadi kwenye maporomoko ya Mto Karura, tukapita kwenye mapango waliyojificha wapiganaji wa Mau Mau. Baridi ilikuwa kali, lakini watoto wetu walitaka kuvua viatu waingie majini. Ikabidi tuwakataze. Povu lilikuwa limetanda chini ya maporomoko, na chupa za plastiki zimenasa kwenye mizizi. Mtoto mmoja akaniuliza nani amezitupa. Nilimjibu kwamba mto huu unapita kwenye makazi ya watu kabla ya kufika msituni, na kila kinachomwagwa kule juu hutufikia huku. Tangu Juni 2020 ni marufuku kuingia na plastiki za kutumia mara moja kwenye hifadhi zetu, nasi tunatii, lakini mto haupiti langoni ukakaguliwa. Siku ile watoto walijaza magunia mawili. Hakuna aliyewatuma.

Kuna wanachama walionipigia simu kwa uchungu walipoona mikaratusi ikikatwa. Niliuelewa uchungu wao, nikaenda kuuliza. Mikaratusi si miti ya asili ya hapa. Ilipandwa kwa ajili ya kuni na mbao, nayo hunywa maji mengi. Inaondolewa sehemu kwa sehemu ili mihugu na miti mingine ya kienyeji irudi. Panaonekana uchi kwa muda, ni kweli. Nendeni mkaangalie pale palipopandwa mapema: vichaka vimeshika, na ndege ni wengi kuliko chini ya mikaratusi.

Kosa moja ni letu sisi wa kamati. Mwezi Novemba mwenzetu aliteleza kwenye mteremko wa mtoni akateguka kifundo cha mguu, na hatukuwa na sanduku la huduma ya kwanza. Alibebwa kwa zamu mpaka barabarani. Namwomba radhi mbele yenu. Sanduku limeshanunuliwa, na wasioweza miteremko watakuwa na kiongozi wao kwenye njia za tambarare.

Sasa ombi langu. Tumekuwa wageni wa mto huu muda mrefu. Tumepumzika, tumepiga picha, tumerudi nyumbani. Kamati inapendekeza kwamba mwaka ujao matembezi manne yawe ya kazi: kuokota taka kingoni na kupanda miche, kwa ruhusa na maelekezo ya wasimamizi wa msitu. Pia tuwatembelee wakazi wa juu ya mto, tuzungumze nao kama majirani, kwa maana wengi wao hawajawahi kuyaona maporomoko yanayopokea maji yao. Tuwaalike waje tutembee nao.

Mtapiga kura baada ya taarifa ya mweka hazina. Watakaokubali waandikishe majina kwa katibu kabla ya kuondoka, na siku ya kwanza waje na mabuti na glavu. Magunia tutaleta sisi.